Usiniambie "Ni Poa kwa Filamu ya Kenya"

Wasee, kuna sentensi moja nataka tuizike leo: "Hii muvi ni poa, kwa filamu ya Kenya." Mimi mwenyewe nimeisema mara nyingi, na kuna siku ilinikosanisha na mtu.

Rafiki yangu alikuwa ametengeneza filamu fupi, dakika 12. Kamera ya kukopa, waigizaji ni majirani. Akanitumia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamwandikia, "Poa sana, ukizingatia bajeti yako." Akajibu, "Kwa hivyo kama hungekuwa unanijua, hungeimaliza." Ukweli? Nilikuwa nimeruka dakika tatu za katikati. Hajanitumia nyingine tangu hiyo siku.

Sasa chukua Nairobi Half Life ya 2012. Mwas anauza DVD kijijini, akiigiza vipande vya muvi ndio watu wanunue. Anakuja Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anajipata kwa seli. Baadaye anaishi maisha mawili: huku mazoezi ya jukwaani, huku genge la kuiba vipuri vya magari. Iweke kando ya City of God ya Brazil, 2002, yule kijana wa Rio anayetaka kamera huku wenzake wakishika bunduki. Kwangu City of God bado iko juu, kwa sababu hata wale wabaya wamepewa maisha yao kamili. Lakini si umeona? Nimezipima kwa kipimo kimoja, na Mwas hajaaibika.

Ama Supa Modo ya 2018. Jo ana miaka 9, ni mgonjwa, hatapona, na anaota kuwa shujaa wa kupaa angani. Dadake anashawishi kijiji kizima kijifanye kwamba kweli ana nguvu. Avengers: Endgame ya 2019 ni masaa matatu ya vita, na niliifurahia, lakini nikitoka nilikuwa nawaza kama nitapata matatu ya mwisho. Baada ya Supa Modo nilimpigia dadangu simu.

Lakini heshima ni pamoja na kukosolewa. Sauti mbovu naweza kuelewa, vifaa ni pesa. Ila mbona wahusika wetu wakiwa kwa matatu wanaongea Kiingereza kama watangazaji wa habari za saa tatu? Hiyo si bajeti. Kuandika vile watu huongea ni bure.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Shangazi zangu wakiona video zangu husema, "Angalau anajaribu." Hawana ubaya, lakini najua vile hiyo "angalau" hukaa kifuani. Afadhali yule huniambia video imeanza kuboesha dakika ya pili. Huyo ameitazama.

Kwa hivyo tazama hizi muvi zetu kama muvi. Ikikubamba, sema bila "kwa". Ikikukera, sema wapi.

Na wewe rafiki yangu, kama unasoma hii: nimeitazama tena, dakika zote 12. Katikati inajivuta, kata. Lakini pale mama anakunja nguo za kijana wake bila kusema kitu, niliirudisha mara tatu. Nitumie inayofuata.