Simu ya Pesa Isigeuke Rauta ya Printa

Mtu anayefungua duka la kuprinti pale Lorugum anauza kitu ambacho kila mteja anajua bei yake: anakuokolea nauli ya kwenda Lodwar na kurudi. Fomu ya basari ya mtoto, nakala ya kitambulisho, barua ya kuomba kazi, taarifa ya miamala ya kikundi cha akina mama kabla ya mkutano, zote zinahitaji karatasi, na karatasi inahitaji printa iliyo karibu. Hiyo ni kazi nzuri na tunaiunga mkono.

Lakini kuna mtindo mmoja ambao sisi tunaofanya kazi ya pesa za simu hatuukubali. Duka halina intaneti ya waya, na printa ni ya waifai. Basi mwenye duka anawasha hotspoti kwenye simu yake, printa inashika, kazi inaanza. Shida ni kwamba simu hiyo hiyo ndiyo iliyo na laini ya wakala, au laini yake mwenyewe yenye akiba ya nyumbani. Kuanzia siku hiyo, printa haiwezi kutoa hata ukurasa mmoja kama simu ya pesa haiko pale mezani, imewashwa.

Msimamo wetu ni huu: simu inayobeba pesa na mtandao unaobeba printa vitenganishwe. Gharama yake ni ndogo, na kwa maduka mengine hakuna gharama kabisa.

Hatari iko wapi hasa

Tuseme ukweli kwanza, tusitishane bure. Mtu akiunganishwa kwenye hotspoti yako haoni PIN yako, na hawezi kutoa pesa zako kwa sababu tu anatumia bando lako. Zile menyu za kubonyeza nyota na namba hazipiti hata kwenye waifai.

Hatari iko kwenye mazoea. Fikiria siku floti imeisha na inabidi uende benki Lodwar. Ukienda na simu, printa inabaki bila mtandao, na kijana uliyemwachia duka anakaa tu huku wateja wakigeuka. Ukimwachia simu, kazi ya kuprinti inaendelea, lakini sasa simu ya pesa iko mikononi mwa mtu mwingine. Tena huwezi kuifunga skrini, kwa sababu hotspoti ikijizima yenyewe kijana lazima aiwashe. Baadaye anakuja mzee anayetaka kutoa pesa, na kijana anakupigia kwenye namba yako nyingine: "Boss, niko na mteja hapa, PIN ni gani?"

Ukimtajia, umemaliza. Hata kama kijana huyo ni mwaminifu kuliko wewe, kesho ukikosa shilingi elfu mbili kwenye hesabu hutajua umuulize nani. Na yeye, ambaye pengine hana kosa lolote, ndiye atakayelaumiwa kwanza. Tunaposema PIN ni ya mtu mmoja, tunamlinda mwenye pesa, na tunamlinda pia yule kijana.

Kuna jambo la pili. Paswedi ya waifai inadai angalau herufi au tarakimu 8. Kishawishi ni kuandika PIN ya tarakimu 4 mara mbili, au kuweka namba ya simu, ili usisahau. Kisha paswedi hiyo inaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa sababu wateja wanaiulizia. Hapo umebandika PIN yako ukutani na hujui.

Printa haili bando

Wengi wanatumia simu ya pesa kama rauta kwa sababu wanaamini printa ya waifai lazima iwe na intaneti. Si kweli. Faili ikitoka kwenye laptopu kwenda kwa printa inapita ndani ya duka tu, haitoki nje. Rauta isiyo na laini ndani wala bando bado inatengeneza mtandao, na laptopu, simu na printa zikiwa ndani ya mtandao huo mmoja zinaelewana. Unahitaji intaneti wakati wa kupakua draiva mara ya kwanza, au mteja akikutumia faili kwa WhatsApp. Kazi ya kuprinti yenyewe haihitaji.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kununua. Printa za mpango wa HP+, ambazo nyingi huwa na herufi "e" mwishoni mwa jina la modeli, zinadai kuwa na intaneti muda wote na kutumia wino halisi wa kampuni hiyo. Mahali ambapo mtandao unapotea mara kwa mara, printa ya aina hiyo itakusumbua. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

Njia tatu za kutenganisha

Ya kwanza ni waya. Kama una laptopu moja na printa moja juu ya meza moja, waya wa USB unatosha kabisa. Waifai si lazima, na hakuna aibu kutumia waya.

Ya pili ni kabambe. Toa laini ya pesa kwenye simu kubwa, iweke kwenye simu ndogo ya vibonyezo, ile ya mulika mwizi. Menyu ya kutoa na kuweka pesa inafanya kazi humo bila bando, chaji inakaa muda mrefu, na simu inaingia mfukoni unapoenda Lodwar. Simu kubwa inabaki dukani ikitoa hotspoti. Simu nyingi za Android hukubali kuwasha hotspoti hata zikiwa hazina bando, lakini jaribu yako kwanza. Ujue pia kwamba kuprinti kutoka kwenye simu ile ile inayotoa hotspoti wakati mwingine hugoma, ilhali laptopu iliyounganishwa hapo inaprinti bila shida.

Ya tatu ni rauta ndogo. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa ofisi yenye watu zaidi ya mmoja. Rauta nyingi ndogo hutumia umeme wa volti 5, 9 au 12, kwa hiyo duka la sola linaziweza. Hakikisha tu volti zinalingana kabla ya kuchomeka. Ofisi iliyo na rauta ya 4G, au Starlink iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, tayari ina mtandao wake. Kilichobaki ni kuhamishia printa huko na kuiachilia simu.

Jinsi ya kuunganisha

Anza na rauta. Badilisha jina la mtandao na paswedi iliyokuja nayo, na pia paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta. Usitumie PIN, namba ya simu wala mwaka wa kuzaliwa.

Nenda kwenye printa, fungua menyu ya mtandao, chagua jina la mtandao wako, andika paswedi. Kama printa haina skrini, tafuta kitufe cha WPS kwenye rauta na kwenye printa. Bonyeza kimoja, kisha kingine kabla dakika 2 hazijaisha.

Printa isipouona mtandao kabisa, tatizo mara nyingi ni masafa. Printa nyingi ndogo zinasoma gigahezi 2.4 peke yake, na rauta au simu yako huenda inatoa 5. Ingia kwenye mipangilio uwashe 2.4.

Ikishika, chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu ya printa. Utaona anwani inayoanza kwa mfano na 192.168. Kwenye rauta, iwekee printa anwani hiyo iwe ya kudumu. Usipofanya hivyo, rauta inaweza kuipa anwani nyingine siku umeme umepotea na kurudi, na laptopu itaanza kusema printa haipatikani wakati iko hapo mbele yako.

Mwisho, laptopu na simu ziwe kwenye mtandao ule ule. Simu iliyo kwenye data ya laini yake haiioni printa, hata ikiwekwa juu yake. Mtandao wa wageni nao kwa kawaida huzuia vifaa visionane, na hiyo ni kinga, siyo ubovu.

Draiva hailipiwi

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea kabisa, na hapa tunaomba usome polepole. Mtu akikwama anatafuta kwenye intaneti "draiva ya printa" au "printa haiunganishi". Miongoni mwa majibu kuna kurasa za matapeli zinazofanana na za kampuni ya printa. Unaandika modeli yako, ukurasa unajifanya unapakua, kisha unaleta kosa na namba ya kupiga. Anayepokea anajiita fundi wa kampuni. Anakuomba uweke programu ya kumruhusu aone skrini yako kutoka mbali, kama AnyDesk au TeamViewer, kisha anadai ada ya kuamilisha printa.

Programu hizo zenyewe si za wizi, mafundi wa kweli huzitumia. Lakini ukimruhusu mgeni aone skrini ya simu yenye pesa zako, anasoma ujumbe wako pamoja nawe, ikiwemo ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwako peke yako. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutenganisha: simu ya pesa isitumike kutafuta draiva, na isiwekwe programu ya kuonwa kutoka mbali hata kwa dakika moja.

Draiva ni bure. Andika mwenyewe anwani ya kampuni iliyotengeneza printa, au fungua kijitabu kilichokuja kwenye boksi. Simu nyingi za Android na iPhone zinaprinti bila draiva yoyote. Fundi wa hapo mtaani akija kukuunganishia, mlipe jasho lake, ni haki yake. Lakini hakuna fundi, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji PIN yako ili printa ifanye kazi. Kama tayari umetuma pesa kwa mtu wa aina hiyo, pigia huduma kwa wateja mara moja. Kila dakika inahesabika kabla hajazitoa.

Na wewe unayekuja kuprinti

Si wenye maduka tu. Mteja naye ana sehemu yake.

Usimpe mtu simu iliyofunguliwa ili "ajitumie" faili. Itume mwenyewe. Taarifa ya miamala mara nyingi huja ikiwa PDF iliyofungwa kwa namba maalum. Namba hiyo siyo PIN yako, na ukiulizwa PIN ili ifunguliwe, ondoka. Sema faili ifunguliwe, kisha uiandike namba hiyo wewe mwenyewe. Karatasi zikitoka, hesabu kurasa, chukua na ile iliyoharibika, na uombe faili ifutwe mbele yako kwenye WhatsApp na kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Taarifa hiyo ina majina ya watu unaowatumia pesa na kiasi unachobaki nacho. Tapeli akiipata, atakupigia akijua mambo yako kuliko jirani.

Mwenye duka, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakudai uzitunze taarifa za watu unaozishika. Nakala za vitambulisho zisirundikane kwenye laptopu miezi na miezi. Printa nyingi za waifai zina Wi-Fi Direct, yaani printa inatoa mtandao wake mdogo wenye paswedi yake. Mteja anaunganisha simu yake hapo, anaprinti mwenyewe, anaondoka. Hujashika simu yake, hujabaki na faili yake, naye hajaingia kwenye mtandao wa ofisi yako. Kwa maoni yetu, huo ndio utumizi bora wa printa ya waifai, kuliko hata kupunguza waya mezani.

Tunajua wapo watakaosema duka ni dogo, mambo haya ni ya ofisi kubwa za Lodwar na Kakuma. Sisi tunaona kinyume. Ofisi kubwa ikipoteza elfu kumi itaendelea kufungua mlango. Duka dogo likipoteza floti ya wiki moja linafunga, na watu wa Lorugum wanarudi kulipa nauli.

Jioni ya leo, kabla ya kufunga, zima hotspoti ya simu ya pesa, kisha jaribu kuprinti ukurasa mmoja. Ukitoka, uko sawa. Ukikwama, umejua kazi ya kwanza ya kesho asubuhi.