Setilaiti Ilishuhudia, Ndege Zikasimamishwa

Tarehe 10 Machi, 2019, ndege ya Shirika la Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu, dakika sita tu baada ya kuruka kutoka Addis Ababa. Watu 157 walikufa. Wakenya walikuwa 32, na wanane walikuwa wafanyakazi wa ndege hiyo, waliokufa wakiwa kazini.

Ilikuwa Boeing 737 MAX. Ndege nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba, 2018, ikaua watu 189, na bado zikaachwa ziruke. Baada ya ajali ya pili Ethiopia, China na nchi nyingine zilizisimamisha. Wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wakasema hawaoni sababu.

Sababu ililetwa kutoka juu. Setilaiti 66 za mawasiliano za Iridium, zilizorushwa hasa kwa kazi ya simu, zimebebeshwa pia mzigo wa kampuni nyingine, Aireon. Mzigo huo ni chombo cha kupokea habari ambazo ndege hujitangazia yenyewe kwa redio: mimi ni fulani, nipo hapa, kimo changu hiki, mwendo wangu huu. Rada ya nchi kavu haifiki katikati ya bahari. Chombo hiki hufika. Habari zake zilionyesha ndege ya Ethiopia ikipanda na kushuka kama ile ya Indonesia. Tarehe 13 Machi Canada ikazisimamisha, na Marekani ikafuata siku hiyo hiyo.

Chombo hicho ni kizuri, sikikatai. Lakini korona ikimkata mfanyakazi wa mkonge mkono, tungoje setilaiti? Novemba 2018 chama cha marubani wa American Airlines kiliwabana wakuu wa Boeing ana kwa ana, kwa kuwa mtambo wa MCAS, ulioweza kuisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kipimo kimoja tu, haukuelezwa katika vitabu vyao vya kazi. Ndege hazikusimamishwa.

Basi matawi yetu yalitie jambo hili katika madai: mashine ikimwumiza mtu izimwe pale pale, na isiwashwe mpaka mwakilishi wa wafanyakazi ameikagua na kutia sahihi.