Mkanda ni Mali ya Nani? Migogoro ya Mikataba katika Mapigano ya Mseto

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii imetumika mno kuelezea ugomvi wa wakubwa, na huenda msomaji akaiona kuwa inafaa pia kuelezea mizozo baina ya mapromota na mabingwa wa mapigano ya mseto, ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali. Hata hivyo, hapa methali inachechemea. Tembo wanaopigana huwa wote ni tembo. Katika ugomvi unaojadiliwa katika makala haya, mmoja ni tembo kwelikweli, ilhali mwenzake, licha ya misuli yake na jina lake kuvuma kote duniani, ana kimo cha kuazimwa.

Tarehe 14 Januari 2023, kampuni ya UFC ya Marekani ilitangaza kwamba Francis Ngannou, mzaliwa wa Kameruni, hakuwa tena bingwa wake wa uzito wa juu. Ngannou hakuwa ameshindwa na mtu tangu Julai 2018. Hakupatikana na dawa za kusisimua misuli wala hakufanya kosa lolote la jinai. Alichofanya ni kukataa kutia sahihi mkataba mpya. Mkanda ulimtoka pasi na ngumi kurushwa, na mnamo tarehe 4 Machi mwaka huo huo Jon Jones alimkaba Ciryl Gane katika raundi ya kwanza, akaitwa bingwa. Gane huyo ndiye aliyekuwa ameshindwa na Ngannou mwaka mmoja uliotangulia. Je, Jones alimrithi nani?

Swali hili si la mashabiki peke yao; linawahusu pia wanaojali maana za maneno. Katika Kiswahili, bingwa ni mtu mwenye umahiri uliowapita wenzake. Husemwa bingwa wa lugha, bingwa wa upasuaji, bingwa wa kuogelea. Umahiri huo hukaa ndani ya mtu, na njia ya pekee ya kumvua ni kutokea mwingine aliye mahiri kumzidi. Mkataba nao ni neno la ukoo mmoja na kitabu, katiba na katibu: asili yake ni kuandika. (Waandishi wa habari za michezo nchini Kenya wanapenda zaidi kandarasi, neno ambalo angalau lina harufu ya biashara ndani yake.) Kilichotokea Januari 2023 ni kwamba maandishi yaliushinda umahiri. Aliyekuwa bingwa kwa mikono yake aliacha kuwa bingwa kwa sababu ya karatasi.

Ili kuelewa jinsi jambo hili linavyowezekana, ni sharti kuutazama mkataba wenyewe. Mpiganaji anapojiunga na kampuni kubwa ya mapigano ya mseto, hujifunga kupigania kampuni hiyo pekee kwa idadi fulani ya mapambano au kwa muda fulani. Akikataa mpinzani aliyepangiwa, au akiumia, muda wa mkataba huweza kusimamishwa na kuongezwa. Mkataba ukiisha, kampuni aghalabu hubaki na haki ya kulinganisha ofa yoyote atakayopewa kwingineko. Mwaka 2013, Eddie Alvarez alijikuta mahakamani na kampuni ya Bellator kwa sababu ya kifungu cha aina hiyo, huku miezi kadhaa ya ujana wake wa ulingoni ikipotea kabla ya pande hizo mbili kusuluhishana. Zaidi ya hayo yote kipo kifungu cha bingwa: mkataba wa mpiganaji ukifika ukingoni wakati ameshika mkanda, mkataba huo hurefuka. Kwa maneno mengine, kadiri anavyoshinda ndivyo anavyozidi kufungwa. Aliyeshindwa anaweza kwenda zake.

Ngannou aliyafahamu haya vyema. Huyu ni mtu aliyechimba mchanga katika machimbo ya kijiji cha Batié akiwa mtoto, akavuka Sahara, akapitia Moroko, akawekwa kizuizini Uhispania, kisha akalala nje mjini Paris mwaka 2013 kabla ya kupata pa kufanyia mazoezi. Ndoto yake ya awali ilikuwa ndondi. Alitwaa mkanda wa UFC mwezi Machi 2021 kwa kumwangusha Stipe Miocic. Kabla ya miezi mitano kupita, mazungumzo yalipokwama, kampuni ilibuni mkanda wa muda na kuwapambanisha Gane na Derrick Lewis. Januari 2022 Ngannou alipanda kizimbani na goti bovu, akamshinda Gane kwa pointi, akalipwa dola 600,000 kwa mujibu wa malipo yaliyotangazwa. Kisha akakaa kimya akingoja mkataba wake ufe.

Madai yake hayakuwa ya fedha tu. Alitaka ruhusa ya kupigana ndondi, uhuru wa kuwa na wadhamini wake mwenyewe, bima ya afya kwa wapiganaji, na mtu wa kuwasemea wapiganaji katika vikao vya kampuni. Dana White, rais wa UFC, alijibu kwamba Ngannou alikuwa amepewa ofa ambayo ingemfanya mpiganaji wa uzito wa juu anayelipwa vizuri kuliko wote katika historia ya kampuni hiyo. Huenda wote wawili walisema kweli. Mmoja alizungumzia kiasi, mwingine alizungumzia hali. Mtumwa aliyelishwa vizuri na mtumwa aliyelala njaa hawako sawa, lakini hakuna kati yao anayejibiwa swali la uhuru kwa kuonyeshwa sahani ya mwenzake. Pengine ulinganisho huu ni mkali kupita kiasi kwa mtu aliyelipwa maelfu ya dola. Hata hivyo, mantiki yake haibadiliki.

Kiini cha tatizo, basi, ni kwamba katika mchezo huu mwandalizi wa pambano ndiye mwenye mkanda, ndiye mwenye orodha ya wapinzani, na ndiye mwenye kalenda. Katika ndondi mambo ni tofauti. Mikanda hutolewa na mashirika kama WBC, WBA, IBF na WBO. Mashirika hayo yana uozo wake, na hakuna haja ya kuyapamba: ada zake ni nzito na orodha zake zimewahi kuzua maswali mengi. Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Mnamo tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane na kurejesha ubingwa. Don King alikuwa ameahidi kila mmoja wao dola milioni 5, nayo serikali ya Mobutu ikagharamia. Lau Ali angegombana na King asubuhi iliyofuata, angeondoka na mkanda wake na kumtafuta promota mwingine. Mkanda haukuwa wa King. Isitoshe, mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyobeba jina la Ali, inayowataka mapromota wa ndondi wafichue mapato fulani kwa mabondia na kuzuia mikataba ya kulazimisha. Mwaka 2016 ulipelekwa mswada wa kuipanua sheria hiyo iwafikie wapiganaji wa mseto. Haukupita.

Watetezi wa mapromota wana hoja, tena hoja nzito. Mchezo huu ulipoanza mjini Denver mwaka 1993 ulichukuliwa kuwa ushenzi mtupu. Seneta John McCain aliupiga vita, na majimbo mengi ya Marekani yakaupiga marufuku. Ndugu wawili wa familia ya Fertitta waliinunua UFC kwa dola milioni 2 mwaka 2001 na kula hasara miaka kadhaa kabla ya mambo kunyooka mwaka 2005 kupitia kipindi cha televisheni. Aliyepanda mti wakati hakuna aliyeamini utaota, husema watetezi hao, ana haki ya kuchuma matunda. Aidha, huongeza, ni kwa sababu kila kitu kiko chini ya paa moja ndipo mabingwa hukutana. Katika ndondi, Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walianza kuzungumziwa mwaka 2009 na hawakukutana hadi Mei 2015, ujana wao ukiwa umekwisha kuchuja.

Hoja hii ya paa moja ingekubalika kabisa kama isingekuwa na tundu mahali penyewe panapovuja. Paa moja huwakutanisha mabingwa mradi wote wawe wamekubali kukaa chini yake. Mmoja akitoka, pambano hufa, na hakuna njia ya kulifufua kwa sababu nje ya paa hakuna mkanda. Mfano wa Randy Couture unatosha. Mwezi Oktoba 2007, Couture, akiwa bingwa wa uzito wa juu na mwenye umri wa miaka 44, alijiuzulu kutoka UFC. Pambano alilolitamani lilikuwa dhidi ya Fedor Emelianenko wa Urusi, ambaye watazamaji wengi walimhesabu kuwa mpiganaji bora kuliko wote duniani, lakini ambaye hakuwa na mkataba na UFC. Januari 2008 kampuni ilimshtaki Couture katika mahakama ya Nevada. Kiswahili kina neno moja, kizimba, kwa tundu anamofungiwa mnyama na kwa mahali anaposimama mshtakiwa. Couture alivijua vyote viwili. Mwezi Februari Antonio Rodrigo Nogueira alipewa mkanda wa muda baada ya kumshinda Tim Sylvia, mtu yule yule ambaye Couture alikuwa amemnyang'anya ubingwa mwaka uliotangulia. Mahakama ikasonga kwa mwendo wa mahakama. Umri nao ukasonga kwa mwendo wake, na katika ushindani huo bingwa wa miaka 44 hana nafasi. Septemba 2008 Couture alirudi, na Novemba akapigwa na Brock Lesnar. Mwaka 2009 UFC na wawakilishi wa Emelianenko walizungumza tena, wakashindwana kwa sababu Warusi walitaka kuandaa mapambano kwa ubia. Couture alistaafu mwaka 2011. Hawakuwahi kukutana.

Hapa ndipo athari ya migogoro hii inapoonekana kwa uzito wake. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni suala la tajiri na tajiri kugawana fedha. Lakini mali ya mchezo wowote ni jibu la swali moja: nani bora? Couture na Emelianenko hawakulijibu. Ngannou na Jones hawakulijibu, ingawa Jones naye alikuwa ameacha mkanda wake wa uzito mdogo kuliko huo mwaka 2020 akidai malipo makubwa zaidi, na pambano lao lilikuwa likizungumziwa kila siku. Mtazamaji aliyelipia miaka yote hiyo aliuziwa hadithi isiyo na sura ya mwisho. Haki inadai kusemwa pia kwamba nyota nao huweza kuutumia mkanda kama ngao: Tom Aspinall wa Uingereza alishika mkanda wa muda tangu Novemba 2023 akimngoja Jones, na akafanywa bingwa kamili Juni 2025 baada ya Jones kustaafu bila ya kupigana naye.

Na nyasi? Zipo, tena nyingi. Mwezi Desemba 2014, Cung Le na wenzake waliishtaki UFC kwa kuhodhi soko la wapiganaji. Wataalamu wa upande wao walikadiria kwamba wapiganaji hupata takriban asilimia 20 ya mapato, ilhali wachezaji wa mpira wa vikapu wa NBA hupata karibu nusu. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi. Jaji alikataa suluhu ya kwanza ya dola milioni 335 mwezi Julai 2024. Wapiganaji kadhaa wakaiandikia mahakama kuhusu madeni na majeraha ya kichwa. Hatimaye suluhu ya dola milioni 375 kwa zaidi ya wapiganaji 1,000 ikaidhinishwa Februari 2025. Fedha zilipatikana, ila wengi wa waliolipwa walikuwa wamekwisha kuacha kupigana. Leslie Smith, aliyejaribu kuanzisha chama cha wapiganaji mwaka 2018, alilipwa pambano lake la mwisho ambalo halikufanyika, na mkataba wake ukaishia hapo. Smith hakuwa nyota. Nyota anaweza kungoja kama Ngannou alivyongoja, akapata pambano la ndondi na Tyson Fury mjini Riyadh Oktoba 2023 na kumwangusha katika raundi ya tatu kabla ya kushindwa kwa pointi. Mpiganaji wa kawaida hana akiba ya kungojea.

Dawa haihitaji uganga. Mkanda utenganishwe na promota, mikataba iwe na ukomo usiorefushwa na ushindi, na mapato yafichuliwe kwa wanaoyatolea damu. La kutia wasiwasi ni kwamba upepo unavuma kinyume. Mwaka 2025 uliwasilishwa mbele ya Bunge la Marekani mswada, ulioungwa mkono na kampuni mama ya UFC, wa kuruhusu katika ndondi mashirika yenye kuandaa mapambano na kutoa mikanda yake yenyewe.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili limekwisha kupiga hodi. Alipotia sahihi na kampuni ya PFL mwaka 2023, Ngannou alikubaliana pia kwamba wapinzani wake wahakikishiwe malipo yasiyopungua dola milioni 2, na akapewa uenyekiti wa tawi la Afrika. Mwaka 2025 tawi hilo liliandaa mapambano Cape Town na baadaye Kigali. Mkanda wa PFL nao ni mali ya PFL. Nia njema ya mwenyekiti haibadilishi hilo. Vijana wa Kigali, Nairobi na Dar es Salaam watawekewa karatasi za Kiingereza zenye kifungu cha bingwa, nyongeza ya muda na haki ya kulinganisha ofa. Idara za Kiswahili zimetafsiri katiba na miongozo ya kilimo. Vifungu hivi vitatu vinangoja visawe ambavyo kijana mwenye glavu mkononi anaweza kuvielewa kabla ya kushika kalamu.