Mapenzi yanapita, cheti kinabaki

Leo tuweke mahaba pembeni kidogo. Nataka tuongee jambo ambalo wapenzi wengi hawaligusi mpaka mambo yaharibike: cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Nawafahamu wazazi wanaofanya besdei ya nguvu kila mwaka, lakini ukiwauliza cheti kiko wapi, wanakutolea kadi ya kliniki. Jamani, kadi si cheti! Hata lile tangazo unalopewa hospitali ukijifungua si cheti. Ndilo la kwenda nalo kukifuata. Huku Bara, sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90. Ukichelewa bado atasajiliwa, ila jiandae kwa maswali na vielelezo. Na kwa walio chini ya miaka mitano hakuna kisingizio: mpango wa RITA ulioanzia Mbeya mwaka 2013 umesogeza huduma mpaka vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti cha kwanza ni bure.

Balaa lipo kwenye majina. Shoga yangu mmoja aliachana na mwenzake mtoto akiwa mdogo. Cheti kilikuwa na jina la baba, lakini kwa hasira akamwandikisha shule kwa jina la babu mzaa mama. Kijana akafaulu kidato cha sita, akataka mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa, na majina hayafanani! Ikawa nauli, viapo na foleni, wenzake wakiwa tayari wametuma maombi. Baba na mama waligombana, mtoto akalipa.

Tuelewane lakini: cheti hakifungishi ndoa, wala peke yake si uthibitisho wa uraia. Kinasema mtoto huyu alizaliwa lini, wapi, na wazazi wake ni akina nani. Siku baba akifumba macho na ndugu wakakaa kikao cha mirathi, karatasi hiyo itaongea kuliko picha zote mlizopiga mkiwa Bagamoyo.

Kwa hiyo dada, kaka, kubalianeni majina tumbo likiwa bado tumboni. Yaandikeni herufi kwa herufi, na hayo hayo yatumike kliniki, shule na kila mahali. Mkija kukosana, gombaneni kwa mengine yote. Jina la mtoto liacheni.