Homa ya Vipindi Katika Kumbukumbu za Wagonjwa

Kila tabibu wa Kanda ya Ziwa anaifahamu homa inayokuja na kuondoka. Mtoto aliyetetemeka usiku kucha huweza kufikishwa zahanati asubuhi akiwa mchangamfu. Tabibu makini hamrudishi nyumbani kwa sababu tu joto limeshuka. Huuliza homa ilianza lini, hupima damu, na kipimo kikikosa vimelea ilhali dalili zipo, hukirudia. Nidhamu hiyo husahaulika pale kinachougua kwa vipindi kinapokuwa kumbukumbu za mgonjwa zilizomo katika kompyuta.

Chukulia mama mjamzito aliyepewa rufaa kutoka Butiama au Bunda kwenda Musoma. Maabara imeandika majibu yake katika faili lililo kwenye seva, na wodi inalisoma faili hilohilo kupitia mtandao. Leo linafunguka salama, kesho nusu ya majibu haionekani, keshokutwa liko sawa. Mitambo inazimwa na kuwashwa, tatizo linatoweka, na kazi inaendelea. Hapo hakuna kilichopona. Ushahidi umefutwa, na chanzo kimebaki palepale.

Vyanzo vya maradhi haya vinajulikana. Mfumo wa mafaili wa mtandao, kama NFS uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, huifanya diski ya seva ionekane kana kwamba imo ndani ya kila kompyuta. Seva ikipangwa kujibu kwamba data imehifadhiwa kabla haijafika kwenye diski, umeme ukikatika katika pengo hilo data hupotea huku wodi ikiamini ipo. Kompyuta ikipangwa kukata tamaa mtandao unapochelewa, na programu ikapuuza taarifa ya kosa, faili hubaki nusu. Kompyuta mbili zikiandika faili moja bila kufuli, moja huweza kufuta kazi ya nyingine. Memori mbovu nayo hugeuza herufi au tarakimu bila kuacha dokezo. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako mvua za radi ni nyingi, kukatika kwa umeme si jambo la kushangaza.

Wapo wanaosema kwamba mtandao hujikagua wenyewe. Ni kweli, ila ukaguzi huo hautoshi. Mwaka 2000 watafiti Jonathan Stone na Craig Partridge walichapisha uchunguzi wa mitandao halisi ulioonyesha kwamba kati ya kifurushi 1 katika 1,100 na kifurushi 1 katika 32,000 kilishindwa hesabu ya uhakiki ya TCP, hata pale ambapo ukaguzi wa ngazi ya chini ulipaswa kuwa umeyanasa makosa hayo. Hesabu yenyewe ina biti 16 tu, hivyo baadhi ya makosa huipita pia. Anayethamini data hana budi kuihakiki mwenyewe, inakotoka na inakofika.

Tiba ianze kwa kutogusa kitu. Yaandikwe saa, jina la faili, kompyuta iliyohusika, na kama umeme ulikatika. Nakala ya faili bovu ihifadhiwe na kulinganishwa na iliyo nzima, kwani umbo la jeraha husema mengi. Mfululizo wa sifuri huashiria data ambayo haikufika. Biti moja iliyogeuka huelekeza kwenye memori au kifaa. Toleo la zamani huelekeza kwenye nakala ya muda iliyobaki katika kompyuta. Kisha alama ya utambuzi ya faili, kama SHA-256, ikokotolewe kwa mtumaji na ndani ya seva. Zikitofautiana faili linapofika tu, kosa limo njiani au katika uandishi. Zikifanana siku hiyo na kutofautiana baadaye bila mtu kulihariri faili, seva yenyewe ichunguzwe. Kebo, swichi na memori vibadilishwe kimoja kimoja, la sivyo haitajulikana ni dawa ipi iliyoponya.

Itasemwa kwamba foleni ni ndefu na watumishi ni wachache. Hata hivyo, programu ya kukokotoa alama hizo ni ya bure, na daftari la matukio ni la bei ndogo. Vitabu vya MTUHA navyo visiharakishwe kuondolewa. Kila wiki sampuli ya maingizo yake ilinganishwe na yaliyomo kwenye kompyuta. Nakala rudufu za zamani zitunzwe pia, maana nakala ya jana huweza kuwa imenakili ubovu wa juzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu ziwe sahihi. Mfumo uliozimika humlazimisha muuguzi kuuliza tena kundi la damu la mgonjwa. Mfumo ulio hai lakini wenye tarakimu potofu haumpi sababu ya kuuliza. Kwa hiyo mganga mkuu anapoambiwa kwamba kompyuta zimetengemaa, asiridhike mpaka aonyeshwe chanzo kilichopatikana na kipimo kilichokithibitisha.