Mambo ya Nyumbani: Ni Nani Atuumaye Usiku?

Wazazi wengi wa hapa Kisangani walijua jambo hili. Mtoto alala mzima, na kulipopambazuka aonekana ana vipele vyekundu shingoni na mikononi, naye ajikuna hata kutoka damu. Mbu hawakusikika. Nduguye aliyelala ubavuni pake hana hata alama moja. Ni nini, basi?

Swali hili si dogo, maana zimo nyumba ambamo huzaa lawama. Huanza kwa mnong'ono: mbona yule hana alama? Mbona mambo haya yalianza alipokuja yatima wa shangazi? Mwishowe mtoto asiye na mtetezi huitwa mchawi anywaye damu ya wenzake, hupigwa, hufukuzwa akalale sokoni. Yafaa kila mzazi ajue ya kuwa sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu chake cha 160, yampasa mtu amsingiziaye mtoto uchawi gereza la mwaka 1 hata 3, pamoja na faini. Lakini kabla ya kufika kwa hakimu, na tuchukue taa tukapekue kitanda.

Kwanza tujibu lile neno la ndugu wawili. Ngozi za watu hazifanani. Mdudu aweza kuwauma wote wawili usiku uleule, mmoja akavimba, mwingine asione kitu. Tena pengine alama hukawia siku kadhaa kabla ya kutokea. Basi asiye na alama, huenda aliumwa sawasawa na mwenziwe.

Wa kushukiwa mbele ya wote ni kunguni. Ni mdudu bapa, wa rangi ya kahawia, mfupi kidogo kuliko punje ya mchele. Akishashiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Mchana haonekani: hujificha katika mishono ya godoro, katika viungo vya kitanda, katika nyufa za ukuta. Mtafuteni usiku wa manane, kabla ya alfajiri, mkiwasha taa ghafula. Asipoonekana mwenyewe, tazameni alama zake: vidoa vyeusi kama vya wino kwenye godoro, ambavyo mkivifuta kwa kitambaa chenye maji huacha rangi ya kutu, na maganda yake makavu. Mara nyingi huuma mahali pasipofunikwa, na alama zake pengine hufuatana kwa mstari. Hajulikani kuleta ugonjwa, ila huondoa usingizi. Wala si aibu kuwa naye. Huja katika mizigo na magodoro ya kununua kwa watu, hata katika nyumba safi.

Lakini yuko mwingine ambaye wengi hawamjui, nasi twapenda kumtaja kwa kirefu. Katika nyumba za sakafu ya udongo aweza kuwamo buu la namna ya inzi, jeupe lenye uchafu, ambalo mchana hukaa katika nyufa na vumbi chini ya mkeka. Usiku hutoka, huwanyonya damu walalao chini kwa muda wa dakika 20 hivi, kisha hurudi mafichoni. Halina miguu, wala haliwezi kupanda kitandani. Sasa fikirini: baba na mama walala juu ya kitanda, hawana neno, watoto walala mkekani, nao huamka na alama. Ni wepesi ulioje wa kusema pana uchawi! Waganga watatu wa chuo cha Liverpool, Dutton, Todd na Christy, waliandika habari za buu hili la Kongo mwaka 1904.

Dutton na Todd walifika hata hapa kwetu, mji ukiitwa bado Stanleyville, wakaonyesha ya kuwa homa irudiyo mara kwa mara huletwa na papasi, yule ambaye wengine humwita kimputu. Naye hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku, na kuuma kwake pengine hakusikiki. Dutton mwenyewe alishikwa na homa hiyo, akafa Kasongo mwezi wa Februari 1905. Kwa hiyo mtu aliyeumwa usiku, kisha akapata homa, ikamwacha, ikarudi, asikae nyumbani.

Viroboto huuma zaidi miguuni, nao hutoka kwa mbwa, paka na panya. Upele huwasha sana usiku, hasa katikati ya vidole. Wote wa nyumba watibiwe siku moja, la sivyo hurudi. Jipu lenye tundu ambamo kitu chatikisika ni funza wa inzi atagaye katika nguo zilizoanikwa: pigeni pasi nguo zote, hata nepi. Ama vipele vya usaha viganjani, pamoja na homa na tezi zilizovimba, havikuletwa na mdudu wa kitandani. Yaweza kuwa mpox, ugonjwa ujulikanao katika mkoa wetu wa Tshopo, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya upesi.

Dawa ya kunguni ni jasho. Chemsheni shuka, mwagieni viungo vya kitanda maji ya moto sana, rudieni kila juma hata alama mpya zikome, maana mayai husalia. Msipake petroli, mtateketeza nyumba. Wala msinyunyizie godoro la mtoto dawa ya shambani iliyouzwa katika kichupa kisicho na maandishi. Hiyo yaweza kumwua mtoto kabla ya kunguni. Chandarua kiendelee kutumika kwa ajili ya malaria.

Nyufa za sakafu na kuta zizibwe kwa udongo mpya. Na yule alalaye chini, awe mwana wa nyumba au yatima wa shangazi, afanyiwe kitanda cha fito na kamba, chenye kimo cha goti.