Nuru si ya mtihani tu



Sisi wa mwaka wa tano sayansi tumemaliza sura ya mawimbi ya nuru. Kila mmoja wetu anajua kusema: nuru ikikuta kitu, kuna ile inayorudishwa, kuna inayopita, na kuna inayomezwa. Ndani ya daftari iko vizuri. Lakini tunauliza: masomo haya yatatoka lini ndani ya daftari? Maoni yetu ni kwamba yaanzie kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Tusidanganyane. Kolera iko kwetu mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1970. Mwaka 1994, kule Goma, iliua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Tunashauriwa kuchemsha maji, na ni shauri nzuri. Lakini makala iko bei, na mama akibakia na kidogo atapika kwanza chakula. Maji yatanywewa vile yalitoka mtoni.

Basi, kuna njia ya jua. Aftim Acra na wenzake wa Beirut, Lebanoni, waliieleza katika kitabu kidogo cha mwaka 1984. Kuanzia 1991 watafiti wa Eawag, kule Uswisi, waliiendeleza. Unatia maji ndani ya chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, unailaza juu ya manjanja kwenye jua kali muda wa masaa 6: tuseme tangu saa tatu ya asubuhi mpaka saa tisa.

Wengine wanacheka: «Jua gani hilo la kuchemsha maji?» Hapo ndipo sura yetu inafaa. Jua halichemshi. Kazi kubwa inafanywa na mionzi ya ultravioleti ambayo macho hayaioni, ile ya nanometa 320 hadi 400. Plastiki inaiacha ipite, maji yanaiacha ipite, lakini mikrobe zinaimeza, na kile zinachomeza ndicho kinaziumiza. Pamoja na oksijeni iliyo ndani ya maji, mionzi hiyo inaziharibu mpaka zinashindwa kuzaana. Joto nalo linasaidia: maji yakipita digri 50, kazi inakwenda mbio zaidi.

Ndiyo maana kila sharti lina sababu yake. Chupa ya kijani au ya rangi ya kahawa inameza mionzi mbele haijafika kwa maji. Maji ya tope yanaitawanya, na mikrobe zinajificha nyuma ya udongo. Simamisha chupa juu ya karatasi iliyoandikwa, tazama toka juu: kama husomi herufi, chuja kwanza. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, acha chupa siku 2 zinazofuatana. Mvua ikinyesha kutwa nzima, chemsha tu. Tena kunywa toka chupa ile ile, usimimine ndani ya ndoo chafu. Na tujue: jua haliondoi sumu ya dawa za shamba.

Mtu asiyeelezwa sababu atashika masharti kama desturi, na siku moja ataacha moja bila kuogopa. Atatumia chupa ya kijani, mtoto ataharisha, naye atasema jua limedanganya. Kumbe jua halikufika ndani. Sisi tuliosoma tunajua kwa nini. Hilo ndilo deni letu kwa wale waliotulipia masomo.

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe aturuhusu kupanga chupa juu ya paa ya internati, kila darasa juma lake, wakubwa wakieleza wadogo. Na tukienda likizo, kila mwanafunzi aonyeshe watu wa kwao. Mtihani wa Serikali utatuuliza siku chache tu. Maji tunakunywa kila siku.